Jina Ambalo Mchoraji Hakuliandika

Siku tuliyokutana alinitukana, tena kwa upole kiasi kwamba mpaka mchana ndipo nikaelewa kuwa nimetukanwa. Nilikuwa mwalimu mgeni, wiki ya kwanza shuleni pale, naandika tarehe ubaoni. Yeye alikuwa nje, amepanda ngazi ya miti, anachora ramani ya Tanzania kwenye ukuta wa darasa la nne. Akachungulia dirishani, akautazama ubao kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, herufi zako zina haraka. Zinataka kurudi nyumbani." Darasa zima likacheka. Mimi nikacheka pia, nikidhani ni utani wa kunikaribisha. Kumbe hakuwa mtu wa utani kwenye mambo ya herufi. Kwa miaka kumi na minane niliyomfahamu sikumsikia akiusifu mwandiko wangu hata siku moja, na nina cheti cha ualimu.

Watu wote wa upande wetu wa Nyamwaga, wilayani Tarime, walimwita Mchoraji, nami nitamwita hivyo hivyo. Wachoraji wenzake walikuwa wakitia jina na namba ya simu kwenye kona ya kila kibao. Yeye hakutia chochote. Nikamwuliza mteja atampataje, akanijibu kwamba mteja mwenye shida ya kweli huuliza. Nilimwona ana majivuno, na mpaka leo naona yalikuwa majivuno, ila ya namna ambayo hailipi.

Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti lile lile masika na kiangazi. Ukucha wa gumba la kulia ulikuwa mweusi daima, maana ndio aliofutia ncha ya brashi. Makopo ya rangi aliyafunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, akatoka Nyamwaga mpaka Nyarero, mpaka mpakani Sirari, na wakati mwingine alivuka kwenda wilaya ya Serengeti akalala huko siku nne tano. Brashi za mistari myembamba alizitengeneza mwenyewe kwa nywele za sikio la ng'ombe. Alisema za dukani zimetengenezwa kwa ajili ya watu wasio na ng'ombe.

Kazi alizokuwa akiletewa zilikuwa za kila aina. Bucha walitaka ng'ombe, saluni walitaka kichwa cha mwanamke, shule tulitaka mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, kanisa lilitaka aya juu ya madhabahu. Mama mmoja mwenye hoteli Nyarero alimwambia amchoree kuku kwenye mlango. Mchoraji akachora kuku mwembamba, shingo kama uzi, anatembea kama anaumwa. Mama akaja juu, "Huyu kuku gani? Nani atakula hapa?" Mchoraji akamjibu, "Nimekula kwako mara mbili, mama. Huyu ndiye niliyemkuta kwenye sahani." Ilibidi apake mlango upya kwa rangi yake mwenyewe, akachora kuku mnene, lakini hakuingia tena kwenye hoteli ile.

Kazi aliyoipenda kuliko zote nadhani ilikuwa ya Nyansurura. Mzee mmoja wa huko, mfugaji wa siku nyingi, alikuwa na dume lake la ng'ombe alilolipenda kuliko watoto wake baadhi. Dume lile liliugua likafa. Mzee akamwita Mchoraji amchoree dume lake sebuleni, ukuta mzima. Picha hakuwa nayo, hata ya simu. Mchoraji alikaa kwake siku tatu bila kufungua kopo. Alikuwa akiuliza tu. Linasimamaje likisikia mvua? Linaanza kunywa maji kwa upande gani? Likikasirika linatazama wapi? Siku ya nne akachora. Mzee alipoingizwa ndani alisimama mlangoni akasema kwa Kikurya jina la yule ng'ombe, akalia mbele ya wake zake. Mchoraji alinisimulia hayo uso wake ukiwa umelainika, akamalizia, "Unaona, Mwalimu, kumbe mtu anaweza kulia vizuri akipata mahali pa kutazama." Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi kwa hasira, kwa sababu mkewe alimwomba jambo hilo hilo naye hakumpa.

Kuna kazi moja ambayo kila kijiji kilimtegemea, nayo ni misalaba. Mtu akifa, fundi seremala anachonga, Mchoraji anaandika jina, siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Hapo alikuwa na utaratibu wake ambao haukubadilika. Kabla hajachovya brashi aliwatazama waliokuja, akauliza, "Nani amemwona?" Alimaanisha kwa macho. Alitaka mtu mmoja mwenye kusema, mimi nilikuwapo alipokata roho, au mimi nimemwosha, au mimi nimemfunua uso nikamjua. Asipopatikana mtu wa namna hiyo aliweka brashi chini, akangoja. Ameshawahi kungojesha maziko mpaka saa kumi, mchungaji amekaa, jeneza liko kwenye kivuli, kwa sababu aliyeiona maiti alikuwa bado njiani na pikipiki.

Watu walinung'unika lakini walijua chanzo. Zamani, kabla mimi sijafika, familia moja ilipigiwa simu kwamba baba yao aliyelazwa mbali amefariki. Simu ilikuwa inakatikakatika, na aliyepiga alikuwa na mgonjwa wake naye, wakachanganya habari. Kilio kikapigwa, turubai likasimamishwa, Mchoraji akaandika msalaba. Kesho yake mwenye jina akashuka kwenye gari na mfuko wake wa dawa, akakuta watu wanachimba. Akausoma msalaba wake mwenyewe umeegemezwa kwenye mgomba. Alichinjiwa mbuzi, wazee wakafanya yanayofanywa ili jambo lile limtoke, watu wakacheka na kula. Lakini mtu yule hakuwa sawa tena. Watoto walimkwepa njiani. Baada ya miezi mitano akafa kweli, na familia ikautumia msalaba ule ule, Mchoraji akabadilisha tarehe tu.

Aliniambia, "Mimi ndiye nilimtanguliza." Nikamwambia hayo ni maneno ya kishirikina, yule mzee alikuwa mgonjwa. Akasema, "Mwalimu, wewe ukikosea ubaoni unafuta."

Alikuwa na mke, na watoto wanne, watatu wa kike na mmoja wa kiume. Wa kiume ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Kama ilivyo kwetu, mama aliitwa kwa jina la huyo mtoto. Sokoni, kanisani, kisimani, jina lilikuwa hilo, Mama Fulani. Silitaji hapa jina la kijana, na msomaji ataelewa mbele. Huyo mama nitamwita Mama tu.

Kijana nilimfundisha darasa la sita na la saba. Alikuwa na mkono kumshinda baba yake, na baba yake alijua. Aliandika kwa kasi bila kupiga mistari ya chaki, na herufi zikakaa kwenye mstari kama zimefunzwa adabu. Alipofika umri wa miaka ishirini akaanza kwenda Tarime mjini kwenye duka la kuchapa mabango kwa mashine. Akarudi na habari kwamba bango linalomchukua baba siku mbili, mashine inalitema kwa dakika kumi, na picha ya bibi harusi juu yake. Alitaka kujifunza kompyuta. Mchoraji akamwambia kwamba anayetaka kutema mabango aende akatemee kwingine. Walikuwa wanakula chungu kimoja bila kusemezana. Mama ndiye aliyekuwa akibeba maneno, "Mwambie baba yako," "Mwambie mwanao."

Walikuwa katika hali hiyo siku yowe lilipopigwa. Ng'ombe wa jirani walikuwa wameibwa, kwato zinaelekea kusini. Vijana wakachukua mikuki na mapanga wakafuata, kama ambavyo vijana wa huku hufuata, na kijana wa Mchoraji akaondoka nao bila kuaga. Walifika Mto Mara umefurika. Wenye akili wakasimama. Wachache wakaingia majini wavuke upande wa Serengeti, wengine wakatoka, yeye hakutoka. Mmoja alisema alimwona ameshika mti katikati ya maji. Mwingine alisema hapana, alikuwa ameshafika ng'ambo. Walimtafuta siku tisa. Mto ule una mamba, sina haja ya kueleza zaidi.

Kisha ukaja uvumi, na uvumi ndio uliowaumiza kuliko mto. Mtu wa Sirari akasema amemwona kijana anayefanana naye ng'ambo ya mpaka, anaendesha pikipiki, anazungumza Kiswahili cha Kenya. Mchoraji alikwenda. Alikaa Kenya wiki mbili akitazama nyuso za waendesha pikipiki. Akarudi amekonda. Akaendelea na kazi.

Mwaka ulipokwisha, Mama akamwomba aandike msalaba. Hakuomba mwili. Nilikuwapo siku mojawapo, nimekwenda kuchukua vyeti vya darasa la saba alivyokuwa akituandikia majina kwa kalamu ya wino. Mama alikuwa anapukuchua mahindi kwenye ungo, akasema kama anaendeleza mazungumzo ya jana, "Mwili mto umekula, sijauomba. Mimi naomba mahali. Wenzangu wana mahali pa kupeleka kilio. Mimi nalia jikoni kama mwizi."

Mchoraji akauliza bila kuinua uso kwenye cheti, "Nani amemwona?"

"Mimi ndiye nilimwona wa kwanza, siku anatoka tumboni. Hiyo haitoshi?"

"Hiyo ni kuzaliwa," akasema. "Mimi nauliza ile nyingine."

Mama aliendelea kupukuchua. Nilibeba vyeti vyangu nikaondoka nimejaa ghadhabu, nikisema moyoni kwamba huyu mtu ni jiwe. Mtu anayekaa kwa mzee wa Nyansurura siku tatu kwa ajili ya ng'ombe, anamjibu mkewe kama karani! Sasa najua alikuwa anaogopa. Alikuwa ameshaandika msalaba wa mtu aliye hai mara moja, na akaona kilichompata. Jina la mwanawe lisipoandikwa, basi kijana bado yuko mahali anaendesha pikipiki. Hofu hiyo haikumpunguzia Mama chochote, lakini ilikuwa hofu, si ukatili, nami nilichelewa kuitambua.

Kilichofuata ni jambo la aibu la kijiji kizima, kwa hiyo nalisema bila kumnyooshea mtu kidole peke yake. Ulikuja uvumi kwamba barabara mpya itapita kwenye mashamba yetu na wenye mali watafidiwa. Huku kwetu ukisikia habari kama hiyo, watu wanategesha. Yaani mtu anapanda miche kwenye shamba lililolala miaka yote, anasimamisha vibanda ambavyo hakuna atakayelala, ili wapimaji wakija wakute mali. Makaburi nayo yanahesabiwa. Basi yakaanza kuota makaburi. Jirani yake Mchoraji aliinua matatu mwishoni mwa shamba la migomba, akayasakafia vizuri, akamwendea Mchoraji kwa misalaba. "Weka majina yoyote," akamwambia.

Na Mchoraji akaandika. Nilimkuta asubuhi amekalia ndoo iliyopinduliwa, anapiga mluzi, amejipangia misalaba mitatu kwenye ukuta. Alikuwa anatunga majina, moja la Biblia, moja la Kikurya. Nikamtania, "Shikamoo Mzee. Na hawa nani amewaona?"

"Marahaba. Hawa hawajaonwa hata na mama zao," akasema. "Hawana wa kudhurika." Akacheka, nami nikacheka naye. Ndivyo alivyokuwa. Anayegomea maziko ya kweli mpaka shahidi ashuke kwenye pikipiki, aliwaandika marehemu watatu wa uongo kabla chai haijapoa.

Wapimaji walikuja, wakaweka vigingi vyao kilomita nyingi kutoka kwetu, wakaondoka. Vibanda vikaoza, miche ikaliwa na mbuzi. Makaburi yakabaki. Hapo ndipo mwenye shamba alipojikuta amejifunga kamba mwenyewe. Alikuwa amekwenda kwa mtendaji wa kijiji akaapa kwamba pale wamelala ndugu zake watatu, akawataja kwa majina. Akivunja, amejitangaza mwongo. Na hata bila kiapo, hakuna mtu huku anayethubutu kupitisha plau juu ya tuta lenye msalaba. Wazee walikuwa wameshaanza kuguna kwamba kaburi lililochimbwa bila mtu huita mtu. Mtoto wa jirani akiugua homa tu, macho yote yanageukia kule kwenye migomba.

Ndipo Mama akaanza kwenda. Mara ya kwanza walidhani anatafuta kuni. Baadaye wakamwona anang'oa magugu kwenye kaburi la katikati, moja tu, mengine hakuyagusa. Akapanda maua ya njano pembeni. Jumapili baada ya ibada anapita, anakaa juu ya saruji, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyemtembelea mwenyeji wake. Siku nyingine alilia kwa sauti, kilio cha kweli, kile cha msibani. Msalaba ulikuwa umeandikwa Isaya Magaigwa, mtu ambaye hajawahi kuwapo duniani.

Watu walisema amerukwa na akili. Mwenye shamba hakumfukuza; nadhani alishukuru kwamba kaburi limepata mtu wa kulitunza. Mimi nilimfuata siku moja nikamkalisha chini kama rafiki. Nikamwambia, "Mama, hapa hapana mtu. Tulikuwa tunacheka wote yakijengwa."

Akaniambia, "Soma miaka."

Nilikuwa nimepita pale mara nyingi bila kusoma. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa wa mwanawe. Mwaka wa kufa ulikuwa ule wa mafuriko. Misalaba miwili mingine ilikuwa na miaka ya kubuni tu, ya wazee wa zamani. Huu wa katikati ulikuwa na miaka ya kijana wao, kwa mkono wa baba yake, herufi zimetulia kama kawaida yake.

"Amemzika hapa," Mama akasema, "halafu ananiambia hajafa. Mimi simbishii. Nimepakubali."

Aliendelea hivyo miaka minne. Mchoraji hakumkataza wala hakumsindikiza. Alibadilisha njia, badala ya kupita kando ya shamba lile akawa anazungukia kwa mbali, akisukuma baiskeli kwenye mawe. Wakati huo kazi ilikuwa imemwishia. Wateja wote wa mabango walikuwa wamehamia kwenye mashine mjini, kadi za arusi zinachapwa, hata kuku wa hoteli za Nyarero wakawa wa picha. Ilibaki misalaba. Macho yake nayo yalianza kuingia ukungu, akawa anaandika pua ikikaribia kugusa mbao. Nilimletea vyeti vya shule kwa huruma zaidi kuliko kwa haja, naye akanusa huruma yangu mara moja, akavirudisha. "Peleka kwenye mashine, Mwalimu. Mashine haina mtoto wa kulishwa."

Kiangazi cha mwaka juzi Mama akaanza kuumwa tumbo. Walimpeleka Tarime, wakamrudisha, na sote tulijua kurudishwa kule kuna maana gani. Nilikwenda kumwona mchana, mumewe akiwa amekwenda kutafuta dawa. Alikuwa amebaki macho na mikono. Akanishika, akasema, "Mwalimu, wewe una mwandiko. Rangi iko chini ya kitanda. Nenda pale ukafute lile la Isaya, uniandikie la mwanangu. Nataka nife najua limeandikwa."

Nilikataa. Nilijieleza sana, na maelezo yangu nayakumbuka yote. Nilisema siwezi kumwingilia mwanaume kwenye kazi yake. Nilisema kumwandikia Mchoraji kaburi la mtoto wake ni kumvua nguo mbele ya kijiji. Nilisema nitazungumza naye. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini sababu ya chini kabisa ni kwamba nilimwogopa. Niliogopa angeuona mwandiko wangu pale.

"Basi," akasema Mama, akageukia ukutani.

Sikuzungumza na Mchoraji. Nilitafuta wakati mzuri, na siku sita baadaye Mama akafa.

Msalaba wake aliuandika mumewe, uani, mbele ya waombolezaji. Hakuuliza nani amemwona. Alikuwa amemfumba macho yeye mwenyewe. Uliposimamishwa, watu walisogea kusoma wakaanza kunong'onezana. Lilikuwa jina la usichana wake, alilokuja nalo kutoka kwao, ambalo pengine wazee watatu tu pale walilijua. Mwanamke tuliyemwita kwa jina la mwanawe miaka thelathini alizikwa kama mgeni. Hata hapo, hata kwa njia hiyo, Mchoraji hakukubali jina la kijana likae kwenye msalaba. Mwanamke mmoja wa kwaya aliniuliza, "Mwalimu, huyu tunayemzika ni nani?" Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikaa zaidi ya mwaka bila kwenda kwake. Nilikuwa nikimwona kwa mbali nageuza njia, nami nikawa kama yeye. Mwaka huu mvua za masika zilipoanza, nikajiambia kwamba nitastaafu na kuhama huku nikiwa na jambo hili kifuani, na kwamba heri anitukane. Nilikwenda Jumamosi saa nne asubuhi. Nyumbani nilimkuta binti yake wa mwisho, akanyoosha kidole kuelekea shamba la jirani. "Tata yuko kule kwa kaka," akasema, maana huku baba ni tata. Alisema hivyo tu, kwa kaka, kama mtu anayekuelekeza dukani.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye matope, anang'oa magugu kwa kupapasa, maana macho yalikuwa yamekwisha. Aling'oa na ua moja bila kujua, akalinusa, akalirudisha kwenye udongo akaushindilia kwa vidole.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Mwalimu mwenye haraka." Alinijua kwa sauti. "Umepotea."

Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwamba Mama aliniomba niandike jina, kwamba rangi ilikuwa chini ya kitanda, kwamba nilikataa kwa sababu nilimwogopa yeye. Alinisikiliza mikono yake ikiwa imetulia kwenye saruji.

"Alikuomba wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe na ule mwandiko." Nikangoja tusi. Halikuja. Akasema, "Alikuwa amefika mahali pabaya sana, basi."

Nikamwuliza kuhusu ile miaka, kama aliiweka makusudi. Akatikisa kichwa. "Nilikuwa napiga mluzi. Nilipotazama, mkono ulikuwa umemaliza. Nikasema kesho nitaifuta. Kesho yake nikasema kesho." Akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Mimi nilikuwa namtafuta Kenya, Mwalimu. Mkono ulikuwa unajua."

Nilimwambia kwamba sasa niko tayari. Rangi nitanunua, herufi nitaandika taratibu, yeye ataniongoza kwa kupapasa kama anataka. Tutafuta Isaya Magaigwa tuandike jina la kijana, na deni langu kwa Mama litakuwa limekwisha. Nilikuwa nalia wakati nasema hayo, sioni haya kukiri.

Kisha akatafuta msalaba kwa mkono, akaupata, akapitisha gumba juu ya herufi zilizochakaa, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho.

"Usiguse," akasema. "Mama yake alikuja hapa miaka minne. Alimlilia huyu Isaya mpaka akamfanya wake. Nikimfuta leo, mto utakuwa umemchukua mara ya pili, na safari hii mama wa kumlilia hayupo."

Akarudi kwenye magugu. Nilivua viatu, nikapiga magoti upande wa pili, nikaanza kung'oa naye.